Jeneza la Aninag

Siku jeneza la Aninag lilipoletwa, mama yake, Aling Sinag, yaani Bi Sinag, alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi ya wali mtamu wa kuuza Jumapili nje ya kanisa. Lori lililolileta lilikuwa la kubebea mbata, kwa sababu gari la maiti la mjini haliliwezi daraja la Sapang Bato mvua ikishanyesha. Wanaume walilishusha jeneza, wakaliingiza sebuleni, wakalilaza juu ya mabenchi, wakabaki wamesimama wakijifuta jasho. Aling Sinag alimaliza kwanza kifuu alichokuwa nacho mkononi, maana nazi iliyoachwa nusu huchacha. Kisha akanawa mikono, akaja kumpokea mwanawe.

Jeneza lilikuwa zuri, la mbao ya kahawia iliyopigwa msasa na vanishi, bora kuliko kitu chochote kilichokuwemo katika nyumba ile. Lilikazwa skrubu pande zote. Juu yake palibandikwa karatasi yenye mihuri, ikisema lisifunguliwe kwa hali yoyote, na kwamba marehemu, mtumishi wa nyumbani, alikufa kwa moyo. Moyo ulifanya nini hasa haikuelezwa.

Magharibi ilipoingia, jeneza likaanza kutoa mwanga. Hakuna aliyeshangaa. Wangeshangaa kama lisingetoa.

Wanawake wa ukoo ule hutoa mwanga, kama ukoo mwingine unavyotoa watu wa meno makubwa. Mtoto wa kike akizaliwa hapewi jina mpaka mwanga wake uonekane, na muda huo wote huitwa Mtoto tu. Akishaota meno, bibi humwingiza ndani ya chandarua, hufunga madirisha, humtazama kwa utulivu, kisha hutafuta neno. Kwa Kitagalogi hiyo si kazi ya kukurupuka, kwa sababu mwanga unaomemeteka una neno lake na mwanga unaofuka kama kaa la moto una lake, na mtoto akipewa neno lisilo lake hukua na maumivu ya kichwa. Bibi yao marehemu aliitwa Liyab, yaani ndimi za moto, na aliunguza vyandarua vingi kabla hajaolewa. Aling Sinag mwenyewe ni miale, ile inayotoboa mawingu asubuhi. Kwa umri na kazi alikuwa amebakiwa na vidole viwili tu vyenye nuru, vya kutosha kutafutia sindano iliyoanguka. Binti yake mdogo, Kutitap, huwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, kama taa za Krismasi, na kusoma kando yake kunataka subira.

Mkubwa ndiye Aninag. Aninag ni mwanga unaopita ndani ya kitu mpaka ukaona kilicho upande wa pili, kama unavyomwona mtu nyuma ya dirisha la gamba la chaza. Tangu utotoni wauza mayai ya bata, yale yanayoliwa yakiwa na kinda ndani, walikuwa wakimwita awashikie mayai yao. Alilishika yai, watu wakamwona bata mdogo amejikunja ndani, wakajua liko tayari kuchemshwa au liachwe kidogo. Alilipwa kwa mayai yaliyoharibika.

Nyaya za umeme zinapita juu ya mapaa ya kijiji kile kwenda hoteli ya ufukweni. Nguzo zipo. Kila uchaguzi huja mtu akaipiga kofi nguzo mojawapo, kama mnunuzi apigavyo mgongo wa ng'ombe, akaahidi, akaondoka. Kwa hiyo kazi ya kutoa mwanga ilikuwepo hapahapa kijijini, tele, ila malipo yake yalikuwa shukrani na ndizi. Ng'ambo walilipa mshahara. Wasichana wakawa wanapitia ofisi ya Madam Divina, mjini, na kuvuka bahari.

Lugha ya kule ng'ambo na ya huku ni ndugu wa mbali. Kule nako wana neno linalokaribiana na sinag, na wateja walipoagiza mwanga waliagiza kwa neno hilo. Madam Divina alilipenda kwa sababu halikumpa kazi ya kueleza. Kila msichana aliyetoka kwake alisafiri kwa neno hilo moja, hata kama mwanga wake ulikuwa wa namna nyingine kabisa.

"Madam, huyu si sinag," Aling Sinag alimwambia siku ile ya kuagana. "Sinag ni mimi. Huyu anapenya."

"Mwanga ni mwanga, Aling Sinag. Nikianza kuwaeleza wateja tofauti, nitazeekea kwenye simu."

Basi Aninag, anayepenya, akapelekwa kwenye nyumba yenye makabati mengi. Juma la kwanza mke aliona kilichokuwa nyuma ya ukuta wa chumba cha kazi cha mumewe. Mume naye akaona kilichokuwa ndani ya mkoba wa mkewe. Wangeweza kugombana, lakini walipatana upesi kwamba mwenye makosa ni taa. Aninag alihamishiwa stoo, akafunikwa mablanketi. Alimpigia simu mama yake, ambaye humwita Nay, akasema, "Nay, hapa wanasema naumbua watu," akacheka kidogo, na baada ya hapo simu yake haikupokewa tena.

Jioni ile ya kwanza ya matanga, nuru ilipita mbao, ikapita bati la ndani, na kabla watu hawajamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa Aninag alionekana amelala ndani, amevaa gauni la kazi lisilomtosha. Kisha nuru ikapita gauni. Kisha ikapita ngozi, polepole na kwa adabu, kama alivyokuwa mwenyewe.

"Mkono huo umevunjika," alisema Aling Upeng. Huyu ni jirani aliyeolewa huku kutoka kaskazini, ambako silaw ni taa tu ya mezani na siyo, kama huku, mwanga wa kuumiza macho, naye miaka yote hiyo hajaacha kudai kwamba Watagalogi wanakuza mambo. "Hebu sogea na wewe, unaziba. Umevunjika juu na chini."

"Na mbavu," alisema mtu mwingine.

"Na hiyo ya begani ni nini, jamani?"

Wakainama.

"Pasi," alisema Aling Upeng. "Tazama umbo lake. Na hivyo vidoa ni matundu ya mvuke. Hizo ni zile pasi za bei."

"Moyo uko wapi?" aliuliza Aling Sinag.

Wakautafuta wote. Ulikuwa mahali pake, mzima, hauna hata alama. Aling Sinag aliutazama sana. Alikuwa na uchungu ambao hakuupatia pa kuuweka, akaenda uani, akarudi na kifaranga, akamweka juu ya jeneza.

Hapa kifaranga huwekwa juu ya jeneza la aliyeuawa, na si la mtu mwingine. Kila anapodonoa, dhamiri ya muuaji nayo hudonolewa, mpaka ajitokeze mwenyewe. Kumweka kifaranga ni kusema hadharani jambo ambalo mdomo haujasema. Kesho yake alfajiri, giza likiwa bado, mkuu wa kijiji, Kapitan Ambo, akawa amefika.

"Aling Sinag, mtoe huyo kifaranga. Kifaranga ni wa aliyeuawa."

"Ndiyo, Kapitan."

"Karatasi inasema moyo."

"Moyo ule pale. Uangalie."

Kapitan Ambo hakuuangalia. Alisimama karibu na mlango, maana alikwisha gundua kwamba ukikaribia nuru ile hata mfuko wa shati lako hauna siri. "Mimi macho yangu mabovu siku hizi," alisema. "Madaktari wenyewe wameandika. Mimi ni nani?"

"Na huyo kifaranga atavukaje bahari?" aliuliza Aling Upeng akitafuna karanga. "Pasipoti hana."

Watu wakacheka. Hata Aling Sinag alicheka, kisha akammwagia kifaranga chenga za mchele, naye kifaranga akabaki.

Alichotaka Aling Sinag kilikuwa kidogo, na alimwambia kila aliyekuja kutoa pole. Alitaka mtu mmoja mwenye muhuri aandike kwamba binti yake aliuawa. Likishaandikwa hilo, ofisi ya Madam Divina ingezuiwa kupeleka wasichana, na Kutitap angebaki nyumbani. Kwa maana mkataba wa Aninag ulikuwa wa miaka miwili naye alikuwa ametumikia mmoja, na kwa utaratibu wa Madam Divina mwaka uliosalia ni wa familia. Mteja alikuwa anangoja. Nyumba yake ilikuwa giza.

Ili kujipa muda, Aling Sinag akatumia desturi. Maiti haizikwi mpaka ndugu walio mbali wafike, na yeye akasema anamngoja dada yake Luningning, aliyekwenda kumulika ukumbi wa harusi katika nchi fulani ya jangwani. Kila mtu alijua kwamba Luningning harudi. Kila mtu akasema ni vizuri kumngoja. Na hapo hapana budi kusema ukweli, hawakusema hivyo kwa huruma tupu. Sebule ile sasa ilikuwa na mwanga ambao kijiji hakijapata kuwa nao. Watoto walikuja na madaftari yao ya shule wakafanya hesabu juu ya kifuniko. Washona nyavu walileta nyavu. Mkunga alimleta mjamzito, wakamsogeza ubavuni mwa jeneza, wakaona mtoto amekaa vibaya, wakamgeuza. Wacheza karata peke yao ndio walioumia, kwa sababu karata zilionekana kwa nyuma na hakuna aliyeweza kumdanganya mwenzake. Walivumilia, kisha wakahamia bingo.

Kifaranga akaota manyoya ya mkia. Akawa kuku, mwekundu, mwenye kiburi, akizunguka juu ya jeneza na kudonoa mbao. Kutoka ng'ambo hakujitokeza mtu.

Siku kuku alipoanza kutaga, ndipo Madam Divina alipokuja. Alikuja na gari safi, na mwavuli, na shada la maua ya plastiki lenye utepe wa jina la ofisi. Alipiga ishara ya msalaba. Alipewa kahawa na biskuti, akaketi kando ya jeneza, madirisha yamefungwa, na mbele ya macho yake Aninag alikuwa wazi kabisa, mifupa yake na alama yake.

"Unaona, Madam?" alisema Aling Sinag.

"Naona kuku," alisema Madam Divina.

"Chini ya kuku."

Madam Divina alichovya biskuti yake, akaila yote, akajifuta vidole. "Aling Sinag, mimi nami ni mama. Lakini mimi si daktari wala jaji. Nikisema nimeona, nitaulizwa nimeona kwa ruhusa ya nani, na hilo jeneza limefungwa." Kisha akamgeukia Kutitap, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, akiwaka na kuzimika. "Mteja ameuliza kama huku kuzimika kunaweza kurekebishwa."

"Hakurekebishiki," alisema Kutitap.

"Tutamwambia ni mtindo mpya. Angalau wewe hupenyi."

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Madam Divina alipoondoka, Aling Sinag aliwakusanya majirani palepale sebuleni, kabla hakujawa giza, wakati kila mmoja alikuwa bado na kazi mkononi. Akasema kesho atakwenda mjini, kwa wakuu, na anaomba watu wa kwenda naye waseme walichokiona. Si lazima waseme aliuawa. Waseme tu mkono, mbavu, bega, moyo.

Washona nyavu wakaendelea kushona.

"Aling Upeng," alisema Aling Sinag. "Wewe ndiye uliyeitambua pasi."

Aling Upeng aliweka karanga zake chini. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Binti yangu yuko mtaa uleule," alisema. "Nyumba ya tatu kutoka pale. Nikisema hapa, Sinag, watasikia kule. Wakisikia kule, pasi zipo kila nyumba."

"Na wangu yuko mji wa jirani," alisema mshona nyavu.

"Wangu amepata kibali juzi tu," alisema mkunga.

Wakataja mmoja mmoja, kwa sauti za kawaida, nani yuko wapi. Sebule nzima haikuwa na mtu asiye na mtoto, dada au mke kule, hata Kapitan Ambo, ambaye mkewe alikuwa akilea mapacha wa mtu. Aling Sinag aliwasikiliza hadi mwisho. Hakuwachukia, na hilo lilimuumiza zaidi, kwa sababu angejua la kufanya na chuki. Kesho yake akaenda mjini peke yake, na huko akaambiwa arudi na mashahidi.

Aliporudi alimkuta Kapitan Ambo anamngoja na habari mbili. Ya kwanza, ofisi ya afya imeamuru maiti izikwe. Ya pili, Kutitap asipokwenda kwa hiari atafuatwa kwa kuvunja mkataba, na atakayechukuliwa pamoja naye ni mama mtu. Kapitan alizisema zote mbili akiwa mlangoni, akaomba radhi, akaondoka akiwa amebeba mayai aliyopewa.

Jioni hiyo Kutitap alimsaidia mama yake kufua gauni alilokusudia kusafiria.

"Mimi sipenyi kitu, Nay," alisema. "Nawaka na kuzimika basi. Hawatakuwa na sababu."

"Kwa Aninag pia hawakuwa na sababu."

"Najua."

"Sasa kama unajua?"

"Nikibaki watakuchukua na wewe." Kutitap alikamua gauni, akalitandaza. "Mimi nitarudi. Wapo wanaorudi."

Aling Sinag alitaka kumuuliza ni nani aliyerudi, lakini aliogopa kwamba wote wawili wangekaa pale wakitafuta jina. Akamshikia ncha ya kamba.

Walimzika Aninag asubuhi, mvua ikinyunya. Kuku alishushwa kwenye jeneza kwa shida. Padri alisoma, kaburi likafukiwa, watu wakazunguka nyumba ya mwuza soda kabla ya kurudi kwao ili roho isiwafuate majumbani, kama inavyopasa. Na magharibi ilipoingia, nuru ikapita udongo.

Ilianza hapo kaburini, ikaenea. Ardhi ya makaburi yote ikawa kama gamba la chaza, na chini yake ikaonekana mizizi ya minazi, na wazee wa zamani waliokwisha kuwa vumbi la heshima, na mtoto wa mkunga aliyekufa kwa surua. Yakaonekana pia majeneza mengine ya mbao ya kahawia yenye skrubu pande zote. Yalikuwa mengi kuliko watu walivyokumbuka. Ndani ya moja, shingo imepinda. Ndani ya jingine, fuvu lina ufa. Yupo aliyekuwa hana kucha. Mioyo yao ilikuwa imeoza zamani, lakini kila mtu alikumbuka karatasi ziliandika nini.

Watu walikuja na viti. Kila familia ikaketi juu ya mtu wake, ikatazama chini. Mzee mmoja aliyeamini kwa miaka mingi kwamba binti yake alikufa usingizini alipiga magoti, akahesabu vidole vya binti huyo kwa ncha ya fimbo, akahesabu tena. Mwenye macho haambiwi tazama, na hakuna aliyeambiwa. Aling Upeng alipita na birika la kahawa, akimimina. Kapitan Ambo naye alikuja mwishowe, akavua kofia, akatazama kila jeneza bila kusema kwamba macho yake ni mabovu. Kisha akasema kwamba kwa usalama wa watoto ni vyema pakawekwa uzio, na watu wakakubali kwamba uzio ni jambo la maana.

Uzio ulijengwa kwa mianzi. Baada ya hapo maisha yakaendelea, na watoto wakawa wanafanyia hesabu makaburini, isipokuwa siku za mvua kubwa. La kuvunda halina ubani.

Gari la Madam Divina lilikuja baada ya Jumapili. Lilikuwa na wasichana kutoka vijiji vya juu, wamevaa fulana za rangi moja, na nafasi zilizobaki zilijazwa hapa. Binti wa pili wa Aling Upeng aliingia. Mpwa wa mkunga aliingia. Kutitap alimkumbatia mama yake, na kwa kitambo chote alichomkumbatia hakuzimika, aliwaka tu, jambo ambalo hajawahi kuliweza tangu azaliwe. Kisha akamwachia, akaingia, mwanga wake ukarudia desturi yake. Barabara ya kwenda mjini inapita kando ya makaburi. Asubuhi ile kulikuwa na mawingu mazito, na ardhi ilionekana vizuri. Dereva aliwaambia wasichana watazame upande wa bahari, hawakutazama. Walitazama chini, kila mmoja kupitia dirisha lake, mpaka uzio ulipokwisha, na hakuna aliyeomba kushuka.

Aling Sinag alisimama barabarani akiangalia kioo cha nyuma cha gari kikiwaka na kuzimika, kikiwaka na kuzimika, mpaka gari likakunja kona ya hoteli. Alirudi nyumbani, akamaliza kukuna nazi ya siku hiyo. Alasiri akachukua jembe na panga, akaenda makaburini, akafyeka majani na kung'oa visiki kwenye nafasi iliyokuwa kando ya Aninag, ya kutosha jeneza jingine. Aling Upeng alimwona kutoka ng'ambo ya uzio, akamuuliza anafanya nini.

"Naitengeneza mapema," alisema Aling Sinag. "Hapa mwanga ni mzuri."

Aling Upeng aliitazama barabara gari lilikopita na binti yake wa pili. Kisha akaingia, akamuuliza kama kuna jembe lingine.